Mapigo ya Meza

Meza yangu ya kazi ina mapigo ya moyo, tisini na sita kwa dakika. Sikuyapima mimi. Aliyapima mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, mchana kweupe, kidole gumba kimekandamiza ukingo wa mbao na macho yameganda kwenye saa ya mkononi. Alipomaliza kuhesabu alinitazama kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamia upande wa pili. Halafu akapima kiti. Kiti nacho kilikuwa hai, mia moja na mbili.

Ili uelewe ilikuwaje mtu mwenye akili zake akapima meza, inabidi kwanza nikueleze habari za kabati.

Mimi ni karani wa mitihani katika chuo cha udaktari. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na anayedhani hiyo ni kazi ya kupanga mafaili tu aje akae kwenye kiti changu wiki moja ya matokeo, halafu tuongee. Ofisi yetu ni chumba kimoja: meza mbili, kompyuta inayounguruma kama inapanda mlima, kabati la chuma, na kidirisha chenye nondo ambacho wanafunzi hujipanga mbele yake kuulizia alama. Mimi nakaa kidirishani. Bosi wangu, Mratibu wa mitihani, amelipa kabati mgongo, kama vile kuna mtu anaweza kuja kulibeba.

Katika mtihani wa vitendo mwanafunzi anapita chumba hadi chumba. Kila chumba kina mtu mwenye afya zake aliyelala kitandani akijifanya mgonjwa, na kwenye kona ameketi daktari mtahini na karatasi. Mtahini haruhusiwi kusema neno, wala kukohoa kwa makusudi. Anaweka vema kwenye visanduku, anajumlisha, na chini kabisa, kwenye mistari minne ya "Maoni ya mtahini", anaandika alichokiona. Karatasi zote zinakuja kwangu. Naingiza alama kwenye kompyuta, ambayo ina nafasi ya namba lakini ya maoni haina. Alama zinabandikwa ubaoni siku ya tatu. Maoni yanaingia kabatini, yanakaa humo mpaka mwaka wa masomo ufungwe na kikao kikae, ndipo kila mwanafunzi aandikiwe barua yake. Kufikia hapo aliyefeli ameshafanya marudio yote, na wa kurudishwa nyumbani ameshafunga begi.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilimuuliza Bosi kwa nini iko hivyo. Akasema ni utaratibu. Nikamuuliza aliyeuweka ni nani. Akanitazama juu ya miwani.

"Ulikuta umewekwa," akasema.

Nikanyamaza. Lakini kunyamaza kwangu siyo kukubali, kwetu wananijua.

Sasa huyo mwanafunzi. Wenzake humwita Fundi, maana kabla ya kuja chuoni alikuwa akichomelea mageti na madirisha. Amewazidi wenzake miaka mitano hivi, mabega mapana, sauti ya chini, na ana tabia ya kugonga nondo za kidirisha changu kwa ukucha, kama anakagua kazi ya mwenzake. Siku ile alikuja foleni ikiwa imeisha. Wengine wote walikuja kuomba niwaongezee kaalama kamoja tu, dada yangu, utabarikiwa. Yeye hakuomba.

"Dada, samahani. Nilikosea wapi?"

Nikamwambia thelathini na tisa.

"Hiyo nimeiona ubaoni. Naulizia nilikosea wapi."

Nikatazama kompyuta, ilikuwa na namba tu. Akanieleza mwenyewe, taratibu, bila kulalamika. Chumba kinachomwangusha ni kile kile, chumba cha vipimo vya awali, ambacho usipokifaulu huendi popote hata kama vingine vyote umepata mia. Ameshakirudia mara mbili. Bado mara moja, siku tisa zijazo, na akianguka tena anaondolewa chuoni. Mara ya kwanza alidhani kosa ni kuhesabu kwa haraka, akajifunza kuhesabu polepole. Mara ya pili alidhani ni saa yake, akanunua nyingine yenye mshale mrefu wa sekunde. Akanionyesha, ilikuwa pana kama kifuniko cha mtungi. Sasa alikuwa anadhani ni woga. Rafiki zake walikuwa wamemshauri anywe maji mengi na avute pumzi kwa kuhesabu hadi saba.

"Nimetengeneza kila kitu, dada," akasema. "Sijui tu kilichoharibika."

Akagonga nondo, akaondoka. Na mimi nikabaki na lile neno linanikwaruza kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Hebu fikiria umpelekee fundi redio yako mbovu, halafu yeye akuandikie kikaratasi "thelathini na tisa" na kukurudishia. Si ungemrushia redio?

Saa saba Bosi alitoka kwenda kula. Ufunguo wa kabati unakaa kwenye droo yangu, kwa kuwa mpangaji ni mimi. Nikazitafuta karatasi za Fundi. Zilikuwa tatu, zote za chumba kimoja, zote za mtahini mmoja, daktari mzee wa maradhi ya moyo ambaye mwandiko wake ni kana kwamba kuku alikanyaga wino akakimbizwa. Miaka miwili ya kuusoma imenifanya bingwa. Kwenye mstari wa mapigo ya moyo, mtahini huandika hesabu aliyoipata yeye na ile ya mtahiniwa. Karatasi ya kwanza: yeye sabini na mbili, Fundi mia na kumi na mbili. Ya pili: sitini na nane, Fundi mia na kumi na nane. Ya tatu: sabini na sita, Fundi mia na kumi.

Nikashuka kwenye maoni. Karatasi ya kwanza iliandikwa: "Anapima kwa kidole gumba. Aelekezwe." Ya pili: "Gumba tena." Ya tatu kalamu ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka: "Gumba!! Kijana hasikii huyu."

Nilikaa pale na karatasi tatu mkononi, na nakiri kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Kilikuwa udadisi. Gumba lina nini? Kidole si kidole? Na kama tatizo ni kidole, mbona namba zote zinapanda, hakuna hata moja iliyoshuka?

Nyumbani naishi na shangazi yangu, dada wa baba, muuguzi aliyestaafu ambaye bado anatembea kama wodi nzima inamsubiri. Jioni ile nilimkuta barazani akishona vifungo vya koti. Nikamuuliza kama utani kwa nini mtu asipime mapigo kwa gumba. Alichoma sindano kwenye koti ili isipotee, akaukamata mkono wangu, akaweka gumba lake juu ya meza ndogo ya chai, akaniambia niweke langu pembeni yake na nikandamize.

Nikasikia kitu. Tuk, tuk, tuk, kidogo sana, kama mtu anagonga ukuta wa nyumba ya jirani.

"Umesikia? Basi ita fundi seremala, umwambie meza yetu ina moyo," akasema. "Gumba lina mshipa wake, tena mnene. Ukimpima mtu kwa gumba unajipima mwenyewe. Sisi tulikatazwa siku ya pili tu, na aliyesahau alichapwa rula. Nani anapima kwa gumba huko kwenu? Mwambie aache kabla hajampa maiti dawa."

Nikamwambia ni mambo ya kazini. Akaniambia nisimfiche, uso wangu haujawahi kuficha hata bei ya vitunguu. Nikacheka, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshakimbia mbele. Ukijipima mwenyewe, unapata namba yako mwenyewe. Na moyo wa mtu aliyesimama mbele ya mtahini, anayejua akikosea anafungashiwa virago, unapiga ngapi? Siyo sabini. Unapiga mia na kumi, mia na kumi na mbili. Na ukirudi mara ya pili ukiwa na hofu zaidi, mia na kumi na nane.

Kwa hiyo Fundi hakuwahi kukosea kuhesabu. Hesabu zake zote zilikuwa sahihi. Alichokosea ni mtu.

Asubuhi nilimwendea Bosi kwa njia ya adabu. Nilimwambia kuna mwanafunzi ambaye maoni yake yana mistari mitatu tu, na mistari hiyo inamhitaji kabla ya wiki ijayo, siyo baada. Nikaomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, sikatai, kisha akaniuliza kama nimefungua kabati. Nikasema ndiyo, ni kazi yangu. Akasema kazi yangu ni kuweka karatasi ndani, siyo kuzisoma. Maoni yatatoka kwa barua, kwa wote, kwa wakati mmoja, ili asije mtu akasema fulani kapendelewa.

"Bosi, barua itamkuta keshaondolewa."

"Basi itamsaidia huko aendako," akasema, akarudi kwenye gazeti lake. Na hakuwa anatania. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba hakuwa anatania.

Saa saba akaenda kula. Nikamwita Fundi, nikamfungulia mlango badala ya kidirisha. Aliingia akitazama huku na huku kama mtu aliyeingizwa chumba cha bwana harusi. Sikumwonyesha karatasi. Nilimpa mkono wangu nikamwambia anipime mapigo, kama anavyofanya kwenye mtihani. Akauweka mkono wangu vizuri, kwa upole, ukiona unajua atakuwa daktari mzuri, akatafuta mshipa. Kwa gumba. Baada ya dakika akasema tisini na nane. Shangazi alikuwa amenipima asubuhi ile nikiwa nakunywa chai, nikawa sabini na nne, lakini niliona niyaache hayo.

"Sasa pima meza," nikasema.

"Dada?"

"Pima meza. Kwa kidole hicho hicho."

Yaliyofuata nimeshakusimulia. Baada ya meza na kiti alipima kabati la chuma, kisha mlango, na kwenye mlango akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha Bosi bila kujua ni cha nani.

"Kwa hiyo mwaka mzima," akasema, "namweleza yule daktari habari za moyo wangu."

Nikamuuliza ilianzaje. Akanigeuzia mkono wake wa kulia. Ncha za kidole cha shahada na cha kati zilikuwa laini na zinang'aa kama ngozi ya ngoma. Zamani, karakanani, alishika kipande cha chuma akidhani kimepoa. Vidole vilipona, hisia haikurudi. Mwaka wa kwanza, siku walipofundishwa mapigo, darasa la watu mia na ishirini na mwalimu mmoja aliyesimama mbali kama nyota, aliweka vidole hivyo viwili hakusikia kitu. Akajaribu kidole kingine, kingine, akafika kwenye gumba. Gumba lilisikia mara moja. Lilisikia kila mara, kwa kila mtu, hata kwa wale ambao wenzake walihangaika kuwapata. Alidhani amejaliwa kipaji.

Na wodini je? Nilitaka kujua, mpaka hapo nilikuwa nimeshanogewa. Wodini, akasema, kuna kile kibanio cha mashine cha kubana kwenye kidole cha mgonjwa, kinasoma chenyewe, na kila mtu anakitumia. Ni kwenye mtihani tu ndipo wanakiondoa.

"Mkono wa kushoto una shida gani?" nikamuuliza.

Aliutazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ndiyo kwanza ameletewa. Akaweka vidole viwili vya kushoto kwenye mkono wangu. Safari hii alichelewa, akahama kidogo, akahama tena, akatulia. Nikaona uso wake unabadilika. Hakusema namba. Alisema, "Ni taratibu hivi?" kwa sauti ya mtu anayesikia mvua kwa mbali. Kabla hajatoka nikamwambia kwamba hilo la gumba mtahini alikuwa ameliandika mara zote tatu.

Siku nane zile alimpima kila aliyesimama karibu naye. Mlinzi wa getini alilalamika kwamba hawezi hata kumsalimia mtu kwa mkono.

Karatasi ya marudio ya mwisho ilinifikia pamoja na nyingine, ikiwa katikati ya rundo, nami nikajilazimisha kutoitafuta. Ilipofika zamu yake nikaisoma. Mtahini sabini na nne, mtahiniwa sabini na nne. Jumla, sabini na moja. Kwenye maoni, kwa mwandiko ule ule wa kuku, neno moja: "Hatimaye."

Hadithi ingeishia hapo kama yule daktari mzee asingekuwa na furaha. Siku ya pili alikuja ofisini mwenyewe, akasimama katikati ya chumba, mbele ya Bosi, akasema amefurahi sana kuona siku hizi maoni yanawafikia vijana mapema. Yule kijana wa gumba amebadilika kabisa. Tena amekutana naye kwenye korido, kijana akamshukuru kwa yale aliyomwandikia, na hajawahi kushukuriwa kwa hilo tangu aanze kutahini.

Bosi alikunja gazeti lake mara nne, polepole, mpaka likawa dogo kama kitabu cha nyimbo.

Jumatatu niliitwa. Tulikuwa wanne kwenye chumba cha vikao: Makamu wa mkuu wa chuo, ambaye ni mama mkimya mwenye kalamu tatu, Bosi, yule daktari, na mimi kwenye kiti cha upande wa mlango. Bosi alieleza yote, na kwa haki alieleza bila kuongeza chumvi. Makamu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kijana huyu ni nani wangu. Nikasema si ndugu, si rafiki, ni mtu aliyekuja kidirishani akauliza swali.

Daktari akaomba aseme. Alikuwa ameshapoteza ile furaha.

"Samahani, Makamu. Mimi nilidhani wanapewa. Mara ya tatu nilimwona mkaidi, nikamnyima hata alama za adabu." Akamgeukia Bosi. "Miaka kumi na moja naandika. Kumbe nimekuwa nikiliandikia kabati."

Bosi akasukuma karatasi moja mbele yangu, na kalamu juu yake. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba hakuna anayetaka kuniharibia kazi. Ni barua fupi tu ya kuomba radhi. Nisaini, iingie kwenye faili, yaishe, turudi kwenye kazi.

Niliisoma mara mbili. Ilisema kwamba naomba radhi kwa kumpa mtahiniwa taarifa za siri za mtihani kabla ya mtihani. Maneno ishirini na kitu, yamepangwa vizuri. Kwenye kanuni zetu, ambazo nazijua kwa sababu nimezichapa mwenyewe, mtahiniwa aliyepewa taarifa za siri matokeo yake hufutwa. Hapana onyo, hapana marudio. Yanafutwa.

"Nikisaini hii," nikasema, "yule kijana anabaki na matokeo yake?"

Bosi akatazama dirisha. Makamu, ambaye nadhani ni mtu mkweli kuliko alivyotaka kuwa siku ile, akasema barua ikishaingia kwenye faili itabidi kanuni ifuatwe. Na isipoingia? Isipoingia, akasema, hakuna cha kufuata. Kilichobaki ni suala la mimi na nidhamu ya kazi, nami nitapewa onyo.

Mimi ni mtunza kumbukumbu. Watu wengine huona karatasi. Mimi naona itakavyosomeka baada ya miaka mitatu na mtu asiyetujua, aliyekaa chini ya taa, akitafuta nani wa kulaumiwa. Karatasi ikishaingia kwenye faili haiulizwi tena. Nikawaambia hivyo. Nikawaambia pia kwamba sikumpa kijana jibu la mtihani, maana jibu lilikuwa kwenye mkono wa mtu aliyelala kitandani. Nilimpa kosa lake mwenyewe, alilolifanya kwa mkono wake, likaandikwa kwa jina lake. Kama kosa la mtu ni siri, basi ni siri ya nani, ikiwa yeye ndiye pekee asiyeijua?

Daktari alikuwa ameanza kuandika kitu pembeni. Makamu akauliza anaandika nini. Akasema anajaribu kukumbuka wengine ambao amewaandikia mara mbili. Kisha akaniuliza mimi, siyo wao, kama karatasi za mwaka jana bado zipo. Nikasema zipo, rafu ya tatu, zimepangwa kwa namba.

Bosi aliigonga ile barua kwa kidole.

"Binti, turudi kwenye mada. Ni saini tu. Unaomba radhi au huombi?"

Nikaisogeza karatasi upande wake, nikaweka kalamu yake juu, mdomo wa kalamu ukimtazama yeye.

"Onyo niandikieni, nitalipokea na nitalipanga kwenye faili langu mwenyewe. Radhi siombi."